Brahmagupta wa Bhillamala, Aliyeipa Sifuri Sheria Zake

Kila mwaka, siku ya Diwali, wafanyabiashara wa jamii yetu huyaleta hekaluni madaftari mapya ya hesabu. Huwekwa mbele ya Lakshmi na Ganesha, hutiwa alama ya kumkum, na katika ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili ya kuombea heri na faida. Kurasa zinazofuata huachwa wazi, zikingoja mwaka mpya uzijaze: upande mmoja mali, upande wa pili madeni. Sisi tuliokulia Issuna, kando ya barabara hii itokayo Manyoni kwenda Singida, tuliliona tendo hilo tangu utotoni, tukalizoea kama tulivyoyazoea majabali ya nchi yetu na mashamba ya alizeti yanayogeuka manjano kila mvua inapojalia. Hatukuwahi kuuliza ni nani aliyethubutu kusema kwamba deni nalo ni namba, na kwamba ukurasa mtupu nao una hesabu yake.

Desturi ya vitabu vya kumbukumbu kama hiki ni kueleza maisha ya watakatifu, wafalme wacha Mungu na walimu wa dini. Safari hii tumeomba ruhusa ya kumweleza mtu wa namba. Jina lake ni Brahmagupta, na watu wa zamani walimwita pia mwalimu wa Bhillamala, kwa jina la mji wake.

Habari za maisha yake ni chache, nasi hatutaki kuzipamba. Hata hivyo zile zilizopo zinategemeka kuliko habari za watu wengi wa zama zake, kwa sababu alizitia yeye mwenyewe ndani ya kazi yake. Alieleza kwamba kitabu chake kikubwa alikitunga katika enzi ya mfalme Vyaghramukha wa ukoo wa Chapa, miaka 550 ya kalenda ya Shaka ilipokwisha kupita, naye akiwa na umri wa miaka 30, mwana wa Jishnu. Kalenda ya Shaka imeachana na kalenda ya kawaida kwa miaka 78. Kwa hiyo kitabu ni cha mwaka 628, na mtungaji alizaliwa mwaka 598. Mfalme yule leo anakumbukwa zaidi kwa kuwa alitajwa na mwanahesabu mmoja wa mji wake.

Mji wa Bhillamala ungalipo, na sasa unaitwa Bhinmal, katika wilaya ya Jalor, jimbo la Rajasthan, karibu na mpaka wa Gujarat. Katika karne ile ulikuwa mji mkuu wa nchi ya Wagurjara, ambao jina lao ndilo lililozaa jina la Gujarat, walikotoka wengi wa wazee wetu waliovuka bahari kuja pwani ya Afrika kisha wakaifuata reli hadi bara. Xuanzang, mhujaji wa Kichina aliyeizunguka Bara Hindi katika karne hiyo hiyo, aliitaja nchi hiyo katika habari za safari yake. Ni nchi kavu, yenye mvua haba. Mtu wa Singida asingehitaji kuelezwa mengi juu yake: penye mvua haba watu hutazama mbingu, na penye kutazama mbingu hutokea mtu wa kuhesabu siku. Siku ya kupanda, siku ya mfungo, siku ya harusi, usiku wa mwezi kuandama, zote hizo zilihitaji mjuzi wa nyota, na mjuzi wa nyota alihitaji hisabati.

Kitabu chake aliita Brahmasphutasiddhanta. Katika jina hilo refu ndimo lilimofichika jambo la kwanza ambalo tungependa msomaji aliangalie. Kulikuwa na elimu ya falaki ya zamani iliyonasibishwa na Brahma mwenyewe. Brahmagupta aliona kwamba hesabu zake, kwa kupita kwa zama, zimeanza kuachana na mbingu: sayari hazikuonekana mahali zilipotabiriwa. Angeweza kuitupa elimu ile, au angeweza kuishikilia na kusema kwamba mbingu ndizo zilizokosea. Hakufanya lolote kati ya hayo. Neno sphuta lililo katikati ya jina la kitabu lina maana ya kilichowekwa wazi, kilichosahihishwa. Kwake yeye, kuisahihisha elimu ya Brahma kulikuwa ndiyo njia ya kuiheshimu.

Kitabu kina sura 24 na beti 1008, kwa kuwa elimu yote ya wakati ule ilitungwa kwa beti ili ihifadhiwe kifuani. Sehemu kubwa ni ya mwendo wa sayari, kupatwa kwa mwezi na jua, pembe za mwezi mchanga, na vyombo vya kutazamia nyota. Sura mbili tu, ya 12 na ya 18, ni za hisabati tupu. Ndizo zilizolihifadhi jina lake.

Wahindi walikuwa tayari wanajua kuandika namba yoyote kwa tarakimu chache, na Wababeli kabla yao walikuwa na alama ya kuonyesha nafasi isiyo na kitu. Lakini alama ya nafasi tupu si namba. Kiti kitupu barazani humwonyesha mgeni ambaye hajafika. Chenyewe si mgeni. Brahmagupta aliifanya sifuri iwe mgeni, akaiketisha pamoja na namba nyingine na kuitaka ifuate adabu zao. Aliieleza kuwa ndiyo inayopatikana namba inapotolewa katika namba iliyo sawa nayo. Kisha akataja sheria. Namba iliyo kubwa kuliko sifuri aliita dhana, yaani mali; iliyo chini yake aliita rina, yaani deni; na sifuri aliita shunya, yaani utupu. Mali na mali zikijumlishwa ni mali, deni na deni ni deni, mali na deni ni tofauti yao, na zikilingana ni shunya. Mali ikitolewa katika shunya huwa deni, na deni likitolewa katika shunya huwa mali. Deni likizidishwa kwa deni, jawabu ni mali.

Sheria hiyo ya mwisho imewatoa jasho wanafunzi wengi, na walimu wengi huwaambia waikariri tu. Mwenye duka haimpi shida. Tuseme muuza duka ana deni la shilingi 2,000 kwa kila gunia alilokopa, na aliyemkopesha akamfutia magunia matatu. Kufutiwa ni kuondolewa, na kilichoondolewa ni deni. Mara tatu ya kuondolewa deni la 2,000 ni kupata 6,000. Hatujui kama Brahmagupta mwenyewe alilifikiria duka alipotunga ubeti ule, lakini maneno aliyoyachagua, mali na deni, ni maneno ya sokoni, na hayakuletwa na nyota.

Hapa tunafika kwenye msingi wa jambo. Namba ni nini hasa? Tukisema namba ni idadi ya vitu, basi tatu ni ng'ombe watatu, na swali limekwisha. Lakini hakuna mchungaji aliyewahi kuona ng'ombe watatu hasi wakinywa maji bwawani, wala aliyewahi kuswaga kundi la ng'ombe sifuri kwenda mnadani. Aliyeshikilia kwamba namba lazima ionekane alilazimika kuzikataa zote mbili, na wengi walizikataa. Huko Uingereza, mwaka 1758, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Brahmagupta, Francis Maseres alichapisha kitabu kizima cha kulalamikia namba hasi, akiziona kuwa zinaitia aljebra kiza. Brahmagupta alipita njia nyingine: namba ni kitu kinachotii sheria za namba. Ikiwa deni na utupu vinaweza kujumlishwa, kutolewa na kuzidishwa bila kuivunja hesabu ya mali, basi vimepata haki ya kuitwa namba, hata kama jicho haliwezi kuviona.

Tunajua kwamba katika vitabu vya mahekalu kuna mazoea ya kudai kwamba kila elimu ya leo ilikwisha andikwa Bara Hindi zamani. Hatutaki kuyafuata. Brahmagupta hakuandika falsafa ya hisabati. Aliandika sheria za kuhesabia. Falsafa yenyewe ilikuja baadaye sana. Frege, Mjerumani, alitoa mwaka 1884 kitabu cha kutafuta msingi wa hesabu, akaianza namba kutoka katika sifuri. Na mwaka 1923 von Neumann wa Hungaria alionyesha jinsi namba zote zinavyoweza kujengwa kutokana na seti isiyo na kitu ndani yake, kama nyumba iliyojengwa kwa tofali moja la utupu. Tunachodai ni kidogo zaidi: kwamba watu hao walilikuta jiwe la pembeni likiwa limekwisha chongwa.

Wala jiwe lile halikuchongwa bila kasoro. Brahmagupta alikwenda mbele hadi kwenye kugawanya, na huko akateleza. Alisema kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri jawabu ni sifuri. Kosa lake linaweza kuonyeshwa kwa mtoto wa shule ya msingi. Kumi na mbili kwa nne ni tatu, kwa sababu tatu mara nne ni kumi na mbili. Sasa sifuri kwa sifuri ni ngapi? Sifuri inafaa, kwa kuwa sifuri mara sifuri ni sifuri. Lakini saba nayo inafaa, na elfu moja inafaa, na kila namba inafaa. Swali lenye majibu yote halina jibu. Ama namba nyingine kwa sifuri, mathalani tano, yeye aliiacha vilevile ilivyo, sehemu yenye sifuri kuwa asili yake, bila kusema ni kiasi gani. Katika kuiacha alikuwa na hekima zaidi kuliko katika kuijibu ile ya kwanza. Bhaskara wa pili, aliyekuja miaka 500 baadaye na kumsifu kuwa kito cha taji la wanahesabu, aliiita ile sehemu isiyo na mwisho, akaifananisha na Vishnu asiyebadilika, ambaye viumbe wengi huingia kwake na kutoka wakati wa kuharibiwa na kuumbwa kwa ulimwengu bila yeye kupungua wala kuongezeka. Ni mfano mzuri wa kusomewa hekaluni. Kama hisabati, hautoshi.

Msomaji asituone tumekosa heshima. Kosa la Brahmagupta limejulikana kwa kutumia sheria zake mwenyewe: yeye ndiye aliyeufunga mzani ambao kwao alipimwa akaonekana amepungukiwa.

Katika sura ya 12 yamo mengine yatakayomgusa kila mwenye shamba. Alitoa kanuni mbili za kupata eneo la umbo la pembe nne. Ya kwanza aliiita ya makadirio: chukua nusu ya jumla ya pande mbili zinazotazamana, uizidishe kwa nusu ya jumla ya pande mbili nyingine. Ya pili aliiita sahihi: jumlisha pande zote nne, ugawe kwa mbili, kisha kutoka katika hiyo nusu toa kila upande peke yake; zidisha mabaki manne, na utafute kipeuo cha pili. Tuchukue umbo ambalo limehusishwa na jina lake, lenye pande 60, 52, 25 na 39. Nusu ya mzingo ni 88. Mabaki ni 28, 36, 63 na 49. Zao lao ni 3,111,696, na kipeuo chake cha pili ni 1,764 kamili. Kanuni ya makadirio ingetoa 1,933 na robo tatu, na mwenye kununua shamba hilo kwa makadirio angelipia karibu eka 170 za hewa, kama vipimo vingekuwa hivyo. Kutenganisha waziwazi kile kinachokadiriwa na kile kilicho sahihi, na kumwachia mtumiaji achague akijua, ni tabia ambayo wapimaji wa leo hawajaizoea wote.

Lakini hata kanuni ile iliyo sahihi ina sharti ambalo hakuliandika. Chukueni vijiti vinne, mvifunge pembe zake kwa kamba, mkipate kiunzi cha pembe nne. Kisisukumwe, kina eneo kubwa. Kikisukumwe upande, hulala na kubana hadi eneo linakaribia kuisha, na vijiti ni vilevile kwa urefu ule ule. Basi pande nne peke yake haziwezi kutueleza eneo. Kanuni ya Brahmagupta ni kweli pale tu pembe zote nne zinapoweza kupitiwa na duara moja. Inaelekea maumbo aliyokuwa akiyafikiria yote yalikuwa ya namna hiyo, na sharti lililokuwa wazi machoni pake halikuingia katika ubeti. Bhaskara aliliona pengo, akasema maneno makali juu ya kila mwenye kuuliza eneo bila kutaja ulalo, akimwita pepo. Ubeti mfupi una faida ya kukaririka, na hasara yake ndiyo hiyo: unabeba jawabu na kuiacha nyuma hoja. Kazi ya kuonyesha kwa nini kanuni ni kweli ilibaki kwa wafafanuzi, kama Prithudakasvamin aliyekuja karne mbili baadaye.

Hata hivyo mtu yule alijua kuchokoza akili. Aliwawekea wasomaji fumbo: tafuta namba nzima ambayo mraba wake ukizidishwa kwa 92 kisha ukaongezwa moja, utapata mraba mwingine kamili. Aliona kwamba atakayelifumbua ndani ya mwaka mmoja anastahili kuitwa mwanahesabu. Jawabu dogo kuliko yote ni 120, kwa kuwa mraba wa 120 mara 92 ni 1,324,800, na ukiongeza moja unapata mraba wa 1,151. Anayetaka kulitafuta kwa kubahatisha moja, mbili, tatu, atachoka. Na fumbo kama hilo kwa 61 lingemmaliza, kwani jawabu lake lina tarakimu tisa. Njia ya Brahmagupta ilikuwa ni kuoanisha. Alianza na jaribio lililokosea kidogo: mraba wa 10 ni 100, nao unaizidi 92 kwa 8. Kisha alikuwa na sheria ya kuunganisha majaribio mawili yaliyokosea ili yazae la tatu, na kulipunguza kosa hadi libaki moja tu. Katika hesabu hii jaribio la 10 likiunganishwa na lenyewe, likagawanywa kwa 8, linatoa 24 na mbili na nusu. Hizo nazo zikiunganishwa na zenyewe zinatoa 1,151 na 120. Haikosoi bahati, inalifanyisha kazi kosa. Huko Ulaya swali la namna hii lilitatuliwa upya katika karne ya 17.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana alikuwa mgomvi. Kabla yake, mwaka 499, Aryabhata alikuwa amefundisha kwamba dunia huzunguka yenyewe, na kwamba nyota huonekana zikienda magharibi kama vile miti ya ukingoni huonekana ikirudi nyuma kwa aliye mtumbwini. Brahmagupta, akiwa kijana wa miaka 30, alitoa sura nzima ya kuwakosoa waliomtangulia, na Aryabhata alipata sehemu kubwa. Juu ya mzunguko wa dunia kijana alikosea na mzee alikuwa sahihi. Si kwamba hakujua chochote juu ya dunia: aliijua kuwa ni duara, na alifundisha kwamba vitu vizito huanguka kwake kwa kuwa ni tabia yake kuvivuta, kama ilivyo tabia ya maji kutiririka. Lakini hakuwa tayari kuisogeza.

Miaka 37 ilipita. Mwaka 665, akiwa na umri wa miaka 67, alitoa kitabu cha pili, Khandakhadyaka, jina lenye maana ya kitu kitamu cha sukari, kama mtu aletaye prasad. Kilikuwa kitabu chepesi cha kazi ya kila siku, na katika sehemu ya kwanza hesabu zake zilifuata za Aryabhata, yule yule. Katika sehemu ya pili alionyesha mahali ambapo hesabu hizo hazipatani na kinachoonekana angani, akatoa masahihisho, na humo akaweka njia mpya ya kusoma kati ya namba mbili za jedwali kwa kutumia tofauti za tofauti. Hakuungama hadharani kwamba aliwahi kumwonea mtu. Ila alimtumia pale alipofaa, akamsahihisha pale mbingu zilipomkataa, na kelele za ujana zimepungua sana. Sisi tunakipenda kitabu hiki cha uzee kuliko kile cha kwanza. Baada yake hakuna neno lingine kutoka kwake.

Vitabu vyake vilisafiri kuliko mwenyewe. Katika karne ya 8, zama za khalifa al-Mansur, ujumbe kutoka Sindh ulifika Baghdad na elimu ya falaki ya Kihindi, ikageuzwa Kiarabu na kuitwa Sindhind. Karne iliyofuata al-Khwarizmi aliandika juu ya hesabu ya Kihindi, na kutokana na jina lake dunia imepata neno algoriti. Jambo la ajabu ni kwamba sifuri ilivuka, lakini deni halikuvuka: katika aljebra ya al-Khwarizmi namba hasi hazipo. Shunya ilitafsiriwa kuwa sifr, yaani tupu, na kwa njia ya wafanyabiashara wa Kiarabu neno hilo likafika pwani yetu na kuwa sifuri. Kwa hiyo mtoto wa Kinyaturu anayeandika 0 katika daftari lake hapa Issuna analitaja kwa Kiswahili neno lililopita Baghdad, na akisema laki anataja neno lililokuja moja kwa moja kutoka Bara Hindi kwa jahazi. Uko pia ushahidi wa mawe: katika hekalu dogo la Vishnu huko Gwalior kuna maandishi ya mwaka 876 yanayotaja bustani ya maua yenye urefu wa dhiraa 270 na mashada 50 ya kila siku, na sifuri zimechongwa humo kama tunavyoziandika leo.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu. Sisi tunaoandika katika kitabu cha hekalu tungeweza kulipita kimya, lakini tungekuwa hatujayaeleza maisha ya mtu huyu.

Karibu na mwaka 1030, msomi wa Kiislamu al-Biruni, aliyejifunza Kisanskriti na kuisoma India kwa uangalifu usio na mfano, aliandika juu ya Brahmagupta. Alimhesabu kuwa mkubwa wa wanafalaki wa Kihindi. Kisha akamshtaki. Aryabhata na wengine walikuwa wamesema kwamba mwezi hupatwa kwa kuingia katika kivuli cha dunia, na jua hupatwa kwa kufunikwa na mwezi. Brahmagupta aliwakemea, akisema kwamba Rahu ndiye anayevimeza; kwamba kama si Rahu, basi kuoga na ibada za wakati wa kupatwa zingekuwa bure, na maandiko yangekuwa yamesema uongo, na watu wote wasingeamini jambo moja. Na baada ya kusema hayo, mtu yule yule akaketi na kupiga hesabu ya kupatwa kwa kutumia kipenyo cha kivuli, kipenyo cha mwezi na umbali wa mwezi kutoka katika njia ya jua. Al-Biruni alimkumbuka Socrates na yaliyompata huko Athens, akahisi kwamba kijana huyu, pamoja na ukali wa akili yake, alilazimika kuisaliti dhamiri yake kwa hofu.

Tumelifikiri sana. Huenda aliogopa, mji ulikuwa wa mfalme na wa makuhani. Huenda pia aliamini yote mawili, kwani mahali pengine alieleza kwamba Rahu, kwa idhini ya Brahma, huingia ndani ya kivuli, kivuli kikawa nyumba na Rahu mwenyeji wake. Vyovyote iwavyo, hoja aliyoitoa tunaiona dhaifu. Wingi wa wanaoamini haukigeuzi kivuli, na uoshaji wa mtoni hauhitaji nyoka ili uwe ibada. Yeye mwenyewe alilijua hilo mkononi hata kama hakulitamka mdomoni, kwa maana hakuweka popote katika hesabu zake kipimo cha kinywa cha Rahu. Pale alipotaka jawabu liwe sahihi kwa dakika, alikiuliza kivuli.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa juu ya Tanzania. Kule Rujewa, mkoani Mbeya, lilionekana kama pete. Huku kwetu lilimegwa sehemu kubwa, na karibu na saa sita mchana mwanga juu ya majabali ukawa hafifu kama wa jioni isiyo na machweo. Katika nyumba zetu vyakula vilitiwa majani ya tulsi, moto wa jikoni ukazimwa, milango ya mahali pa ibada ikafungwa. Watoto walikuwa nje na vioo vilivyofukizwa moshi, wakiitana kwa Kinyaturu, Kigujarati na Kiswahili. Mzee mmoja alikaa mlangoni na panchang magotini na saa mkononi, akingoja. Dakika iliyoandikwa ilipotimia, alitazama kivuli cha mwembe, ambamo kila tundu la nuru lilikuwa limepata umbo la mwezi mchanga, akasubiri hadi umbo lile likajaa tena, kisha akainuka, akaenda kuoga, akafungua mlango.